Kioo Kimoja Hakijarudi

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa pembe zote, lakini maneno yako yalikuwa mazima. Nimefurahi kusikia mdogo wangu na mkewe wamepata mtoto wa kike, na kwamba mama ameshaanza kumgombeza mtoto wa siku kumi eti analala sana. Mwambie mama nakula vizuri. Mwambie na baridi nimeizoea, ingawa hilo la pili usiliapie.

Ulisema simu niwapigie wengine, wewe niwe nakuandikia, kwa sababu sikio lako la kulia limestaafu kabla yako na la kushoto linasikia linachotaka. Haya, naandika. Hata hivyo, hili la leo lisingesemeka kwenye simu huku mama amekaa pembeni.

Jumatano iliyopita nilikataa kutia sahihi ndege.

Hapa ndege haiondoki mpaka injinia mwenye leseni agonge muhuri kwenye kitabu chake. Muhuri wangu una namba, na namba hiyo ni yangu peke yangu. Likitokea jambo huko juu, anatafutwa mwenye namba. Asubuhi ile tulibadilisha bomba la mafuta kwenye chumba cha magurudumu, pale tumboni ambapo magurudumu hujikunja ndege ikiruka. Tulipomaliza nikafungua sanduku la zana nihesabu. Kila zana ina tundu lililochongwa kwa umbo lake, kwa hiyo kikikosekana kitu unakiona mara moja. Tundu la kioo lilikuwa tupu. Ni kioo kidogo cha kuchungulia nyuma ya mabomba, duara, kama kile cha kupakia wanja, kina mpini mwembamba. Kikibaki mle ndani kinaweza kujibana mahali, na magurudumu yakagoma kushuka.

Wakati huo abiria mia na sitini wameshafunga mikanda. Nikasema washuke.

Tuna mkuu wa kituo hapa, tumempa jina la Bado Ngapi kwa sababu kila akipita anauliza, "Bado dakika ngapi?" Siku hiyo aliuliza mpaka sauti ikamkauka. Tulipekua kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Tulipekua ndege, gari, ngazi, mifuko yetu, hata pipa la taka. Hamna kioo. Bado Ngapi akaniambia, "Labda hakikuwepo tangu asubuhi. Gonga muhuri tuondoke." Nikamwambia asubuhi nilikihesabu mwenyewe, sigongi. Akamwita Mzee Kofia, injinia aliyenitangulia hapa kwa miaka ishirini, ambaye ndiye aliyenifundisha njia zote za uwanja huu. Kofia akaingia na tochi, akakaa mle saa nzima, akatoka akagonga wa kwake. Ndege ikaenda, ikafika salama.

Nimeandika taarifa kwa mamlaka ya anga kama sheria inavyotaka. Najua mkataba wangu unaisha Juni, na najua ni nani atakayeulizwa kama uongezwe au usiongezwe. Lakini siwezi kusema nimeona nisichokiona. Usiwe na wasiwasi, mimi sijambo na kazi zinaendelea.

Mwanao,
Fundi


3 Machi

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Sisi huku wazima. Mtoto ameongezeka uzito, na mdogo wako amepungua kiasi hicho hicho, hapati usingizi. Mama yako na mimi tunaendelea kugombania redio: yeye anataka mahubiri, mimi nataka taarifa ya habari, mwishowe tunasikiliza matangazo ya sabuni. Mawifi tumezeeka lakini hatujaishiwa maneno.

Barua zako ninamsomea mimi, si unajua macho yake. Ile ya juzi nilimsomea mwanzo na mwisho. Akaniuliza, "Mbona kurasa zilikuwa nne na wewe umesoma dakika mbili?" Nikamwambia mwandiko wako umekuwa mkubwa.

Sasa nisikilize. Miaka ishirini na minane nimefanya kazi chumba cha upasuaji, na kazi yangu mimi muuguzi ilikuwa kuhesabu. Mikasi, sindano, vitambaa vya kufutia damu. Vinahesabiwa kabla ya kumpasua mtu na vinahesabiwa kabla ya kumshona. Kimoja kikipungua, hashonwi. Kwa hiyo usinieleze habari ya tundu tupu kana kwamba naisikia leo. Umefanya sawasawa. Nimefurahi mpaka nimepika chai nikasahau kuweka majani.

Lakini nina maswali. Mlihesabu wangapi? Nani alikuwa wa mwisho kukishika? Na la tatu: umeandika kurasa nne. Wewe mwaka jana ulikuwa unaniandikia nusu ukurasa, unasema ndege inakusubiri. Mtu mwenye kazi nyingi hapati nafasi ya kunieleza mpaka habari ya pipa la taka. Unafanya kazi gani sasa hivi? Nijibu hilo, na usinizungushe, nimekuogesha mimi.

Shangazi yako


24 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na poleni na mafua ya mtoto. Mdogo wangu alinipigia. Nimemtumia kofia ya sufu. Najua huko kuna joto, lakini ndicho nilichopata dukani.

Haya, umenikamata. Niko stoo.

Wamenichukulia muhuri siku mbili baada ya ile barua ya kwanza, "mpaka uchunguzi uishe." Nakaa nyuma ya dirisha lenye wavu nawagawia wenzangu zana. Wananipa kipande cha bati chenye jina, mimi nawapa spana. Wakirudisha spana, nawarudishia kipande. Vijana niliokuwa nawasimamia sasa wananiambia, "Bosi, nipe bisibisi." Wanasema "bosi" huku wanaangalia pembeni. Mikono inaniwasha. Nikisikia injini inawashwa huko nje najua kwa mlio ni ndege gani, na najua kuwa si mimi niliyeiruhusu.

Kilichonikalia moyoni ni hiki. Mamlaka waliposoma taarifa yangu walimsimamisha Mzee Kofia kwa kugonga muhuri wakati zana haijapatikana. Amekaa nyumbani wiki ya tatu. Ana mabinti wawili, wote wako chuo. Ndege yenyewe ilichunguzwa kwa mataa kesho yake, haikuonekana kitu, ikaruhusiwa. Lakini mkaguzi hakuridhika. Ameagiza mwezi Mei iingizwe karakana, sakafu ing'olewe, chumba cha magurudumu kifunguliwe chote. Siku nne, watu kumi na wawili.

Juzi Bado Ngapi alikuja dirishani. Hakutaka spana. Alinipa karatasi iliyoandikwa tayari: eti mimi fulani nakiri kwamba huenda nilihesabu vibaya asubuhi, na kioo hakikuwemo sandukuni tangu mwanzo. Akasema, "Ukitia sahihi hapa, Kofia anarudi, muhuri wako unarudi, na mwezi wa sita mimi mwenyewe nitapeleka jina lako." Shangazi, nilishika kalamu. Sikufichi, nilishika. Halafu nikamwambia nipe siku chache. Nikirudi nyumbani, yaani kijumba hiki cha chumba kimoja na jiko la umeme la sahani mbili, naiweka mezani naiangalia. Hiyo karatasi ni uongo. Nilikihesabu. Nilikitumia kwa mkono huu.

Wenye mikono kwenye sanduku tulikuwa watatu, na wa mwisho kukishika ni mimi. Aliyehesabu ni mmoja, mimi.

Sasa na mimi nikuulize, kwa kuwa umetaka tusizungushane. Ulibakiza miaka sita kustaafu ukaacha kazi. Tuliambiwa ni miguu. Mbona mpaka leo unapanda kile kilima cha sokoni na ndoo? Kwa nini uliacha?

Mwanao,
Fundi


15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kofia imefika. Mtoto amevalishwa kwa ajili ya picha, akalia, akavuliwa. Mama yako amemwonyesha kila jirani na kuwaambia huko uliko watu wanazaliwa wamevaa sufu.

Karatasi ile usiitie sahihi. Usiitie hata kama watakupa uwanja mzima wa ndege. Ndugu yako Kofia ninamwonea huruma, lakini hakusimamishwa na wewe. Amesimamishwa na mkono wake.

Hilo ulilouliza nimelisoma. Mvua imeanza na lazima nikaanue nguo.

Shangazi yako


19 Aprili

Fundi,

Sikuanua nguo yoyote siku ile. Hapakuwa hata na wingu.

Salamu utazipata kwenye barua nyingine. Hii usimwambie mtu, na ukishaisoma uchane.

Kule kwetu tulikuwa tunahesabu watu wawili, kwa sauti. Mmoja anataja, mwenzake anaitikia. Siku hiyo mwenzangu aliitwa wodini katikati ya kazi, nikabaki peke yangu. Mgonjwa alikuwa mama kijana, kajifungua kwa upasuaji. Nilipohesabu vitambaa kimoja hakikuwepo. Nikahesabu tena, hakipo. Nikamwambia daktari. Daktari alikuwa na mgonjwa wa pili mlangoni, wa tatu nyuma yake. Akaniambia, "Dada, umehesabu vibaya. Andika vimetimia." Hakunifokea. Angenifokea ningekataa, unanijua. Alisema kwa upole tu, kama mtu aliyechoka, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikaandika vimetimia. Nikatia sahihi.

Baada ya wiki tatu yule mama alirudishwa na homa, tumbo limevimba. Akafunguliwa tena. Kilikuwemo. Alipona, lakini miezi minne hakuweza kumbeba mtoto wake. Kikao kikakaa. Daftari likaletwa, likasema vimetimia, kwa mwandiko wangu mzuri ule unaousifia. Wakubwa wakakubaliana kuwa ni bahati mbaya, haijulikani ilitokeaje. Wakanitazama. Nikanyamaza. Wakanishukuru kwa utunzaji mzuri wa kumbukumbu.

Nilifanya kazi mwaka mmoja zaidi. Kila mgonjwa akishonwa nahesabu mara tano, sita, madaktari wakaanza kulalamika. Ndipo nikasema miguu inaniuma.

Basi umejua. Baba yako, kaka yangu, alikufa hajui. Mama yako hajui. Ninayo aibu kukuandikia wewe, lakini ningeona aibu zaidi kusikia umetia sahihi karatasi ya yule bwana kwa sababu mimi nilijifanya nina nguo kambani.

Shangazi


6 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijapata barua kutoka kwako tangu ile fupi ya mvua. Natumaini wote wazima na mtoto ameanza kukaa.

Naandika haraka, nisamehe mwandiko.

Karatasi ya Bado Ngapi nilimrudishia ikiwa safi. Nilijisifu wiki nzima, natembea kifua mbele. Jana baridi ikawa imeisha, na kila mfanyakazi analeta koti lake zito stoo likafuliwe na kutunzwa. Kazi ya kuyapokea ni yangu. Nakung'uta moja moja, napekua mifuko, nafunga lebo. Nikafika kwenye la kwangu. Mfuko wa ndani umechanika pembeni, tundu la kupita vidole viwili. Nikapapasa upindo chini, kwenye pamba, nikahisi kitu kigumu.

Ni kioo, Shangazi. Kioo chenyewe, kina namba ya sanduku letu.

Siku ile nilitoa kila mfuko nje mbele ya watu. Mfuko wa ndani niliugeuza, ukawa mtupu, maana kilikuwa kimeshateremka. Nimesimamisha ndege kwa saa sita, nimewashusha watu mia na sitini, nimemweka Mzee Kofia nyumbani miezi miwili, na kitu nimekivaa mwenyewe. Nimekivaa majira yote ya baridi. Nimekivaa nikiwa naandika hizo barua za kukuringia.

Hakuna aliyeniona. Nimekiweka kwenye soksi, chini ya godoro, kama mwizi. Tarehe kumi na moja wanaanza kuing'oa ile ndege. Wakikosa kitu watasema kilidondoka njiani, au hakikuwepo. Watasema Fundi ni mwoga lakini mwaminifu, na mkataba labda nitaupata. Nikisema, nitachekwa mpaka na mafundi wa viwanja vingine, na Juni nafungasha. Bila mkataba kibali cha kuishi hapa kinakufa baada ya siku sitini. Miaka tisa ya masomo, mama aliuza shamba lake la chini, wewe ulinivalisha viatu vya kwanza vya kazi. Na mimi kazi hii naipenda, Shangazi. Naipenda kupita ninavyoweza kueleza.

Najua utakachosema. Naomba usikiseme bado.

Fundi


9 Mei

Shangazi,

Barua hii itafika pamoja na ile au siku moja nyuma yake, kwa hiyo usianze kunifokea kabla hujamaliza zote mbili.

Juzi, tarehe saba, barua yako ya tarehe kumi na tisa ilifika. Nimeisoma nimesimama mlangoni na funguo mkononi. Nimeisoma tena nimekaa. Sikuichana. Nisamehe, nitaichana siku nyingine.

Jana nilivaa vizuri, nikachukua soksi na kioo ndani yake, nikaenda ofisini kwa Bado Ngapi. Mkaguzi wa mamlaka alikuwepo pia, mama mmoja mfupi, mkavu, wanapanga ratiba ya kuing'oa ndege. Nikaweka soksi mezani. Bado Ngapi akasema, "Ni nini hiki, nguo?" Nikamwambia aifungue.

Nikawaeleza yote: koti, mfuko, upindo, na siku tatu nilizokaa nacho bila kusema. Hizo siku tatu nilitamani sana kuziruka, lakini nilizisema.

Bado Ngapi alicheka kwanza. Halafu akakigeuza kioo, akasoma namba yake. Akauliza, "Kwa hiyo ulinishushia abiria mia na sitini kwa kitu kilichokuwa kwenye koti lako?"

"Ndiyo."

Mkaguzi akaniuliza, "Na kama ingetokea kesho? Kioo hakipo, watu wamekaa, hujui kiko wapi?"

Nikamwambia, "Nitaisimamisha. Ila nitaanza na koti."

Aliinamisha kichwa kuandika, na mabega yakamtikisika kidogo. Sijui alicheka au alikohoa. Halafu akafuta kwa mstari mmoja zile siku nne za karakana.

Kikao ni mwezi ujao. Nimelala vizuri jana kuliko siku zote tangu Februari. Kuhusu ulichonieleza, sina maneno ya kukupa yanayotosha. Wewe ndiye uliyenipeleka mpaka mlango wa ile ofisi.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Zimefika zote mbili siku moja, na mimi kwa haraka yangu nilianza na ya kwanza. Mama yako alinikuta nimekaa juu ya gunia la mkaa, nikamwambia kizunguzungu. Halafu nikasoma ya pili, nikainuka nikacheza. Akasema kweli hicho ni kizunguzungu.

Sasa hivi anajua. Nimemsomea zote, bila kuruka. Na ya kwangu pia nimemwambia, kwa mdomo wangu. Alizima redio. Kisha akasema, "Wifi, ndiyo maana ulikuwa unahesabu vijiko vyangu kila ukija." Basi, hakusema lingine. Siku hiyo aliniachia nisikilize taarifa ya habari.

Ulilia kwamba utachekwa. Watakucheka kweli, mimi mwenyewe nimecheka. Mtu mzima umetembea na kioo kwenye pindo la koti kama bibi harusi aliyeficha manukato! Lakini nikishacheka nakuambia hivi: hukujua kioo kiko wapi, na ukasema hujui. Kofia hakujua, akasema anajua. Mimi nilijua hakipo, nikasema kipo. Tuko watatu hapo, na anayeweza kulala ni mmoja.

Wakikufukuza, chumba chako kipo, ila usije kwa aibu. Kama unakuja kwa aibu, kaa huko huko. Pambana kwanza. Hiyo kazi hujapewa na Bado Ngapi, umeisomea.

Nilianza kumtafuta yule mama wa kile kitambaa. Nimepata mtaa anaoishi. Mengine hayaandikiki bado.

Shangazi yako


2 Julai

Shangazi, shikamoo wewe na mama.

Nimepata picha. Mtoto amefanana na mdogo wangu, tumwombee atabadilika.

Kikao kimeisha. Leseni yangu hawajaigusa. Mkaguzi aliandika kwamba nilifuata sheria kabla na nilisema ukweli baada. Mzee Kofia amepewa onyo la maandishi na amerudishwa kazini. Mkataba wangu kampuni haikuuongeza. Barua yao ina mistari mitatu, mmoja ni wa kunitakia kila la heri.

Siku ya mwisho nilikabidhi koti, viatu na kitambulisho. Kofia alikuwa pale benchini anahesabu sanduku. Nikamwambia, "Mzee, nakuaga." Hakuinua kichwa. Alikuwa amefika kwenye spana ya tisa, akaanza tena kutoka ya kwanza. Simlaumu, lakini iliniuma, iliniuma sana.

Nimebakiza siku hamsini na sita za kibali. Nimeandika maombi sehemu sita. Kila fomu ina swali: umewahi kuondolewa kwenye kazi za kutia sahihi? Naandika ndiyo, halafu naeleza, na karatasi ya ziada nabandika kwa pini. Wanne wameshajibu, wote hapana. Mmoja alinipigia simu ili tu nimsimulie habari ya koti, akacheka, akakata. Nitaandika mengine sita. Sibadilishi hata neno kwenye ile karatasi ya ziada.

Mwanao,
Fundi


23 Agosti

Shangazi mpendwa, na mama unayesomewa bila kurukwa,

Shikamooni. Poleni kwa kunikosa kwenye simu wiki mbili. Niliogopa kusikia sauti zenu kabla sijawa na la kusema. Nilishaweka nguo zote kwenye sanduku. Nilibakiza shati moja, sufuria na siku nane.

Maombi ya kumi na moja yalijibiwa. Ni kampuni ndogo ya ndege za mizigo, iko upande wa pili wa uwanja ule ule, nyuma ya ua wa waya. Ndege nne, zote ni wazee wenzako. Mwenye kampuni ni mwanamke wa makamo ambaye ofisi yake imejaa maboksi mpaka akanikalisha juu ya moja. Alisoma fomu yangu, akasoma na karatasi ya ziada, polepole, mpaka mwisho. Hakucheka.

Akasema, "Mimi siamini karatasi. Nitapiga simu ulikotoka." Akapiga hapo hapo, mbele yangu. Nikajua imekwisha, nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Akauliza, "Naongea na nani?" halafu akaandika jina kwenye kiganja. Lilikuwa jina halisi la Mzee Kofia. Siku hizi yeye ndiye msimamizi wa zamu.

Mama yule akamuuliza ananijuaje. Akasikiliza. Nikasikia sauti ya Kofia inakwaruza ndani ya simu lakini maneno siyapati. Ilikuwa fupi sana. Mwenye kampuni akasema asante, akaweka simu chini, akanitazama.

"Anasema ndege zangu kama zina haraka, nisikuchukue."

Machozi yalikuwa yameshanitangulia, na karatasi niliyoiokota mezani kuyapangusa ilikuwa ile fomu yenyewe.

Akanyoosha mkono, akaichukua isiloe zaidi, akatia sahihi chini yake.

"Mizigo yangu haijawahi kulalamika kuchelewa," akasema. "Njoo Jumatatu."

Mwanenu,
Fundi